Mbona Yule Hakumpa? Historia Fupi ya Ubishi wa Kadi Nyekundu, Ngara na Biharamulo

Ukitaka kujua watu wa mahali fulani wanaielewaje haki, usianzie mahakamani. Anzia kijiweni, siku ya pili yake baada ya Simba na Yanga kukutana. Pale Nyakanazi, njia panda ya Biharamulo, Ngara na Kibondo, ambako madereva wa malori ya Rwanda na Burundi hunyoosha miguu, au pale stendi ya Ngara mjini, utaikuta kesi inaunguruma bila hakimu, bila karani na bila ada ya kufungulia jalada. Mshtakiwa ni refa. Na shtaka, ndugu msomaji, ni lile lile tangu enzi za redio za mkulima: "Mbona yule hakumpa?"

Tulitazame vizuri swali hilo, maana wengi hulipuuza. Halisemi kwamba refa ni mkali mno, wala halisemi kwamba ni mpole mno. Hata shabiki aliyekufa kwa timu yake, ukimbana, atakiri kwamba beki wake alicheza rafu mbaya. Anachokataa ni kwamba rafu kama ile ile, dakika kumi kabla, upande wa pili, ilipita hivi hivi kwa maneno matupu. Kwa hiyo ubishi wa kadi nyekundu si ubishi wa huruma. Ni ubishi wa mizani. Insha hii inafuata historia ya ubishi huo, kutoka kadi ilikozaliwa mpaka ilipotufikia sisi wa pembe hii ya Kagera.

KADI ILIZALIWA KWA SABABU YA LUGHA

Vijana wengi wanadhani kadi zimekuwepo tangu mpira uanze. La hasha. Kwa miaka mingi refa alimtoa mchezaji kwa mdomo na kwa kidole tu, na mchezaji akitaka kujifanya hakusikia, ilikuwa kazi.

Mwaka 1962, katika Kombe la Dunia kule Chile, wenyeji walikutana na Italia mjini Santiago. Mwamuzi alikuwa Mwingereza, Ken Aston. Mchezo ule uligeuka ngumi na mateke. Muitaliano Giorgio Ferrini alitolewa mapema kabisa, akagoma kutoka, mpaka polisi wakaingia uwanjani kumwondoa. Miaka minne baadaye, Julai 1966, Uingereza ilicheza na Argentina kwenye uwanja wa Wembley. Refa alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Alipomtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, yule bwana hakuondoka. Alisimama, akabishana, akataka mkalimani. Refa hajui Kihispania, mchezaji hajui Kijerumani, na dakika zinakwenda.

Aston wakati huo ndiye aliyekuwa akiwasimamia waamuzi wa mashindano yale. Inaelezwa kwamba siku alipokuwa akiendesha gari kurudi nyumbani, taa za barabarani za London ndizo zilizompa jibu: njano, jiangalie, nyekundu, simama. Ndipo zikaja kadi. Zilitumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico, na kwa bahati mashindano yale yaliisha bila kadi nyekundu hata moja. Nyekundu ya kwanza ilisubiri mwaka 1974, pale Mturuki Doğan Babacan alipomwonyesha Carlos Caszely wa Chile katika mchezo dhidi ya Ujerumani Magharibi.

Hapa pana jambo la kushika. Kadi ilibuniwa ili ionekane. Haikubuniwa ili iwe ya haki. Ilitatua tatizo la watu wasioelewana lugha, basi. Inakwambia "toka"; haikwambii kwa nini wewe na si mwenzako. Swali la Nyakanazi lilizaliwa siku hiyo hiyo ilipozaliwa kadi, na taa ya barabarani haikuwa na jibu lake.

Kwetu sisi, lile la lugha linaeleweka upesi. Ngara ni nchi ya mpakani. Mhangaza na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, Mnyarwanda naye hayuko mbali. Mshubi ana lugha yake, na ukishuka Biharamulo unawakuta Wasubi, Wazinza, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Kwenye viwanja vya shule, katika mashindano ya kugombea mbuzi, refa alikuwa mara nyingi mwalimu mwenye filimbi na kaptula ya kuazima. Akitukanwa kwa Kihangaza anajibu kwa Kiswahili. Katika hali kama hiyo, hata kipande cha boksi kilichopakwa rangi kina heshima yake. Kikipanda juu, kila mtu amesoma, hata bibi aliyekuja kuuza ndizi.

ENZI ZA SHAHIDI MMOJA

Turudi kwenye redio. Mpaka mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, lakini Zanzibar na Biharamulo ni mbali kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo mtu wa huku alibishania kadi ambayo hakuiona. Aliisikia. Shahidi alikuwa mmoja, mtangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na sauti za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary ndizo zilizokuwa macho ya nchi nzima. Mtangazaji akisema "refa anatia mkono mfukoni," watu waliokaa chini ya mwembe walinyamaza kama wako kanisani.

Ubishi wa enzi hiyo ulikuwa na sura yake. Huwezi kusema "nimeona amemgusa kidogo tu." Hujaona. Ulichoweza ni kuhoji mtangazaji anapenda timu gani, refa anatoka mkoa gani, na mechi iliyopita alifanya nini. Kumbukumbu ndiyo ilikuwa ushahidi. Palikuwa na wazee kijiweni waliotunza kadi za misimu mingi vichwani mwao kama makarani wa korti, na gazeti lilipofika kutoka Dar es Salaam, likiwa limelala njiani siku kadhaa, lilikuja kama rufaa: linasomwa kwa sauti, kisha kesi inaanza upya.

Juni 8, 1990, habari zilipopasuka kwamba Kameruni wameifunga Argentina ya Maradona 1–0 mjini Milano, furaha ilikuja pamoja na malalamiko. Refa Michel Vautrot wa Ufaransa alikuwa amewatoa Wakameruni wawili: André Kana-Biyik kwanza, kisha Benjamin Massing, wote kwa kumkwatua Claudio Caniggia. Ile rafu ya Massing haina mtetezi. Jamaa alimvaa mtu mpaka kiatu chake mwenyewe kikatoka. Lakini ya Kana-Biyik watu waliiona ndogo. Wenye mamlaka ya mpira walikuwa wamewaagiza waamuzi wawe wakali mwaka ule. Sawa. Hapo ndipo swali letu lilipochomoza: ukali huo ni wa wote, au unaanzia kwa Mwafrika? Kwa haki, lazima niandike pia kwamba mashindano yale yale yalimalizika kwa Waargentina wawili, Pedro Monzón na Gustavo Dezotti, kutolewa katika fainali, na Monzón akawa mchezaji wa kwanza kabisa kutolewa katika fainali ya Kombe la Dunia. Maana yake ukali ule haukuishia kwa mmoja. Ila aliyekwisha kuumia huwa hangoji fainali kupima mizani.

Miaka michache baadaye dunia yenyewe ilikuja Ngara. Kati ya Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, wakiyakimbia mauaji ya Rwanda, na Benako ikawa mji wa mahema. Warundi nao walikuwa na kambi ya Lukole. Mwaka 1995 ikaanza Redio Kwizera, hapa hapa Ngara, ikisema na wenyeji na wakimbizi. Siandiki haya ili nifananishe mpira na yaliyotokea, hayafanani. Naandika kwa sababu tangu hapo watu wa wilaya hizi waliishi karibu sana na swali la nani anabaki na nani anaondoka, na nani anayeamua.

KIBANDA UMIZA

Televisheni ilipofika, haikufika sebuleni. Ilifika kibandani. Kuta za mabanzi, turubai juu, jenereta nje linakohoa, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, na joto la kuivisha maharage. Ndiyo maana watu wakapaita kibanda umiza. Hapo sasa kadi ikaonekana, tena ikarudiwa.

Marudio yale yalibadili ubishi kuliko kitu kingine chochote. Zamani shahidi alikuwa mmoja. Sasa mashahidi ni kibanda kizima, na kila mmoja ameona kitu chake. Mwaka 1998, David Beckham akiwa amelala chini alimpiga Diego Simeone teke la kitoto, na Kim Milton Nielsen wa Denmark akamlima nyekundu. Mwaka 2006, Graham Poll alimwonyesha Josip Šimunić wa Croatia kadi ya njano mara tatu katika mchezo mmoja kabla ya kumtoa. Mara tatu, bwana! Mwenye filimbi ya Kombe la Dunia ameshindwa kuhesabu mpaka mbili. Basi mwalimu wetu wa kijijini tumsamehe tu.

Kisha ikaja Julai 2, 2010, Afrika Kusini. Luis Suárez wa Uruguay aliudaka mpira wa Ghana kwa mikono ukiwa unaingia golini, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza. Refa alifanya kila kitu kwa mujibu wa sheria: penalti, na kadi nyekundu. Asamoah Gyan akagonga mwamba, Ghana ikatolewa kwa matuta. Hapa refa hakupendelea, sheria ilifuatwa neno kwa neno, na bado Afrika nzima ililala imeibiwa. Ilitufundisha jambo la pili: sheria inaweza kuwa sawa kwa wote na bado ikapungukiwa. Tusizichanganye shida hizo mbili. Sheria ikiwa mbovu, dawa ni kuibadili. Sheria nzuri ikitumika kwa huyu na kuachwa kwa yule, kuibadili hakusaidii kitu.

MRUNDI WA MSIMBAZI

Mwaka 2013 Vital'O ya Burundi ilitwaa Kombe la Kagame, na mshambuliaji wake Amissi Tambwe akasajiliwa na Simba. Msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa mabao 19. Vijana wa Ngara walijigamba kwamba huyu ni mtu wa kwetu, maana ukisimama Kabanga, Burundi unaiona kwa macho.

Miezi ile ile mambo mengine yalikuwa yakiendelea. Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais Jakaya Kikwete alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliondoka, wengine wakiwa wamekaa miongo, wamelima, wameoa na wamezika hapa. Serikali ilikuwa na hoja yake, nayo ilikuwa nzito: ujambazi barabarani, silaha, mifugo kuvamia hifadhi. Lakini katika vijiji vya mpakani watu waliliuliza swali la kijiweni, safari hii kwa sauti ya chini. Majirani wawili, mababu walikuja pamoja, lugha moja, migomba inagusana. Mmoja kahesabiwa raia, mwingine kaambiwa avuke. Mbona yule hakumpa?

Tukumbuke pia kwamba Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, kabla ya wakoloni kuchora mipaka ilikuwa upande wa himaya ya Burundi. Mstari ulipita, watu wakabaki. Naliandika hili kwa sababu moja. Shabiki wa huku anapopiga kelele juu ya refa, wako wanaomcheka kwamba analia kwa ajili ya mpira tu. Wanakosea. Kijiwe cha mpira ni mahali ambapo mnyonge anaruhusiwa kudai kwa sauti kubwa kwamba kosa moja lihukumiwe hukumu moja, na asikamatwe.

MWAKA MMOJA, KADI MBILI

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe, ambayo mpaka leo haijafungwa vijiweni. Ni ya mwaka 2016, na wakati huo mechi za ligi zilikuwa zinaonekana mubashara kupitia Azam TV, kwa hiyo hakuna wa kusema hakuona.

Februari 20, watani wa jadi walikutana Uwanja wa Taifa. Filimbi ilikuwa mikononi mwa Jonesia Rukyaa, mwanamama wa Kagera hii hii, mwenye beji ya FIFA. Kipindi cha kwanza beki wa Simba, Abdi Banda, alipata njano ya pili, akatoka. Yanga wakashinda 2–0, mabao ya Donald Ngoma na yule yule Tambwe, ambaye sasa alikuwa amehamia Jangwani. Wana Msimbazi walinung'unika, kama ilivyo ada. Lakini ukiwasikiliza vizuri, manung'uniko yale yalikuwa na mpaka. Njano mbili ni njano mbili. Kila mtu anaweza kuzihesabu. Unaweza kubisha kama rafu ya pili ilistahili, huwezi kubisha hesabu.

Oktoba 1, uwanja ule ule. Mwamuzi Martin Saanya. Kipindi cha kwanza Tambwe akafunga, na Simba nzima ikapaza sauti kwamba ameunawa mpira kabla ya kufunga. Marudio ya televisheni yaliwapa nguvu. Wachezaji wakamzonga refa, na katika zogo lile nahodha Jonas Mkude akala umeme. Simba ikabaki na watu kumi tena. Mashabiki waking'oa viti, mabomu ya machozi yakarindima. Dakika za mwisho Shiza Kichuya akapiga kona iliyozama moja kwa moja wavuni, ikawa 1–1. Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja ule kwa muda. Na baadaye kamati ya kusimamia ligi, ile inayojulikana kama Kamati ya Saa 72, ikaifuta kadi ya Mkude.

Ziweke kadi hizo mbili pembeni kwa pembeni. Mwaka mmoja, timu moja, kipindi cha kwanza zote, na Tambwe yumo katika zote. Ya Februari ilikuwa na hesabu nyuma yake, iliuma, ikapita. Ya Oktoba ilikuwa na mambo mawili ambayo binadamu hayamezi. Kwanza, kosa lililoanzisha vurugu, la mkono, halikuonwa, na aliyelilalamikia ndiye akaadhibiwa. Pili, waliomzonga refa walikuwa wengi, aliyetoka ni mmoja. Nani alimchagua, na kwa kipimo gani? Hakuna aliyeambiwa. Kadi haisemi. Na ilipofutwa mezani, ilifutwa karatasini tu. Dakika za kucheza kumi hazikurudi.

Siwatetei waliong'oa viti. Kiti hakijawahi kuchezesha mpira. Wala sisemi refa alitumwa. Kulisema hilo bila ushahidi ni kufanya kosa lile lile la kuhukumu kabla ya kupima. Refa ana jicho moja la upande anaotazama, sekunde moja, na watu elfu makumi wanampigia kelele. Sisi kibandani tuna marudio matano na soda mkononi.

KUSEMA SABABU

Kwa mintarafu hiyo, tufanyeje? Wengine wanasema mitambo itamaliza ubishi. Kombe la Dunia la mwaka 2018 kule Urusi lilikuwa la kwanza kutumia waamuzi wa video, na ubishi haukufa, ulihama tu, kutoka "alimgusa?" kwenda "mbona ile nyingine hawakuenda kuitazama?" Unaona? Swali ni lile lile.

Mimi naona dawa moja ipo karibu na kwetu kuliko tunavyodhani. Ng'ambo ya mto, Burundi, wazee waamuzi wanaitwa abashingantahe, jina linalotokana na fimbo ya intahe waigongayo chini wanapoamua. Nguvu yao haikutoka kwenye fimbo. Ilitoka kwenye desturi ya kukaa hadharani, kusikiliza pande zote, na kutamka sababu mbele ya waliokuwepo. Aliyeshindwa alirudi nyumbani ameshindwa, ila anajua kwa nini, na jirani yake anajua kwamba kesho akifanya vile naye yatampata.

Katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023, waamuzi waliotoka kutazama video walianza kuutangazia uwanja mzima, kwa kipaza sauti, uamuzi wao. Wengi waliliona kama jambo jipya. Kwa historia niliyoieleza hapa, ni mzunguko: mdomo ulishindwa kwa sababu ya lugha, tukaleta kadi isiyosema, na sasa tumeurudisha mdomo. Hata refa wa mashindano ya mbuzi, asiye na mtambo wowote, anaweza kusema kabla ya mechi: mwenye kunishika shati, awe nani, nje. Akisha kusema, amejifunga mwenyewe. Hiyo ndiyo mizani.

Lakini mizani inadai na upande wetu. Mwaka 2023 Jonas Mkude alihama Simba, akaenda Yanga. Waliosherehekea kadi yake wakaanza kumshangilia, na waliomlilia wakaanza kumzomea. Basi siku kesi ile ikifufuka pale Nyakanazi, msikilize msemaji kwa makini. Akitoa leo hukumu ile ile aliyoitoa mwaka 2016, jezi ya Mkude imebadilika na maneno yake hayajabadilika, huyo mpe filimbi achezeshe. Wengine sote tuendelee kubisha, ila tujue kwamba tunachomdai refa sisi wenyewe bado tunakidaiwa.